Paswadi yako ni kali, lakini tokeni yako iko kwa nani?

Ulipofungua TikTok asubuhi ya leo hukuulizwa paswadi. Instagram ikafunguka tu. Imeili nayo, apu ya kuitisha teksi nayo. Ukiulizwa mara ya mwisho kuandika paswadi ya Facebook ilikuwa lini, huenda ukakuna kichwa. Wengine wetu hata hatuikumbuki, na bado tunaingia kila siku.

Sasa jiulize: kama hukuandika paswadi, apu ilijuaje kwamba ni wewe?

Ilijua kwa sababu simu yako imebeba tokeni. Hii ni mlolongo mrefu wa herufi na nambari ambao seva ilikupa siku ile ya kwanza ulipoingia. Tangu hapo simu yako imekuwa ikiionyesha mlangoni kila unapogusa kitu: ukilike picha, tokeni, ukifungua ujumbe, tokeni, ukibadilisha jina, tokeni. Hujawahi kuiona na hukuichagua, lakini ndiyo inayokuingiza ndani.

Septemba 2018, tokeni za watu karibu milioni 30 ziliibwa kutoka Facebook. Wezi hawakuhitaji paswadi ya mtu hata mmoja. Aliyekuwa na paswadi ya "123456" na aliyekuwa na paswadi ndefu kama treni ya mizigo, wote walipigwa sawasawa. Hata akaunti ya Mark Zuckerberg, mwenye kampuni, ilikuwa miongoni mwa zilizoathiriwa.

Nataka tuelewane jinsi ilivyotokea, kwa sababu vijana wengi siku hizi wako upande mmoja au mwingine wa mambo haya. Kuna wale ambao akaunti ndiyo duka, ndiyo ofisi, ndiyo CV. Na kuna wale wanaokesha wakiandika msimbo wa apu ambazo watu wengine wataziamini na pesa zao. Mimi mwenyewe niliachia chuo njiani, kwa hivyo sitakuambia unahitaji digrii ili kuelewa haya. Unahitaji tu kuwahi kuingia jengo moja la katikati ya jiji.

Kadi ya mgeni

Unalijua hilo jengo. Unafika mlangoni, soja anachukua kitambulisho chako, anaandika jina kwenye daftari, kisha anakupa kadi ya plastiki iliyoandikwa nambari. Kuanzia hapo hakuna anayekuuliza wewe ni nani tena. Geti la lifti linaangalia kadi. Mlango wa orofa ya nne unaangalia kadi. Kitambulisho kilikuwa kazi ya dakika moja; kadi ndiyo inayofanya kazi siku nzima.

Paswadi ni kile kitambulisho. Tokeni ni ile kadi.

Mpango huu una mantiki yake. Fikiria kila mlango ungedai kitambulisho na soja aandike upya. Hungefika orofa ya pili kabla ya saa sita. Lakini mpango wenyewe unasimama juu ya mambo matatu. Soja ampe kadi mtu anayestahili. Kadi ifungue tu milango ya mgeni, isifungue ofisi ya mkurugenzi. Na ukitoka, kadi irudishwe au izimwe.

Jambo moja kati ya hayo likikosewa, mgeni anaweza kujikuta mahali ambapo hakupaswa kuwa. Wataalamu wa usalama wa mitandao wana msamiati wao, lakini kwa Kiswahili cha kawaida huko ni kujipandisha cheo. Kuna kupanda juu, pale mgeni anapogeuka meneja. Na kuna kuvuka kando, pale mpangaji wa chumba cha tatu anapoingia chumba cha nne kama kwake. Hajapanda hata ngazi moja, lakini yuko ndani ya nyumba ya mtu.

Linganisha na tokeni nyingine ambayo kila mtu mtaani anaijua, ile ya stima. Ukinunua tokeni ya Kenya Power unapata tarakimu 20, na tarakimu hizo zimefungwa kwa mita yako. Jirani akizinakili na kuziingiza kwenye mita yake, mita inakataa. Na ukishazitumia mara moja, zimekufa. Tokeni nyingi za apu haziko hivyo. Zinatumika tena na tena, na aliyeishika ndiye anayechukuliwa kuwa mwenyewe. Simu yako au laptopu ya mwizi, kwa seva ni sawa tu.

Bathidei iliyofungua mlango

Turudi Facebook. Kulikuwa na kitufe kilichokuwezesha kuona ukurasa wako jinsi mtu fulani anavyouona. Unaandika jina la mamako, la eksi wako au la bosi, na unaonyeshwa kile ambacho angeona akija kwako. Kitu kizuri kwa faragha kabisa: unahakikisha kwamba zile picha za Ijumaa usiku hazifiki kwa mama.

Sehemu hiyo ilipaswa kuwa ya kutazama tu. Huandiki, huposti, huguzi kitu. Lakini wadukuzi walipata kasoro tatu, na hakuna hata moja kati yazo ambayo peke yake ingewafikisha mbali.

Kasoro ya kwanza: kisanduku kimoja cha kuandikia kilisahauliwa ndani ya sehemu hiyo ya kutazama. Ni kile kinachokuhimiza kumtakia rafiki heri ya siku ya kuzaliwa. Kisanduku hicho kiliruhusu kuposti video mahali ambapo hakukupaswa kupostiwa chochote.

Kasoro ya pili: kifaa cha kupakia video, toleo jipya lililoletwa Julai 2017, kilikuwa kinatengeneza tokeni. Na si tokeni ndogo ya kupakia video pekee. Ilikuwa na nguvu za apu nzima ya Facebook ya simu. Ni kama soja kukupa kadi inayofungua jengo lote kwa sababu ulisema unaleta barua.

Kasoro ya tatu ndiyo iliyomaliza kazi. Kifaa hicho kilipojitokeza ndani ya ile sehemu ya kutazama, tokeni haikutengenezwa kwa jina lako wewe unayetazama. Ilitengenezwa kwa jina la yule uliyemtaja. Ulisema "nionyeshe ukurasa wangu kama mamangu anavyouona", na mfumo ukakuwekea kadi ya mama mkononi.

Tokeni yenyewe ilikaa pale pale kwenye msimbo wa ukurasa, ndani ya brauza. Anayejua pa kuangalia aliinakili tu.

Angalia vizuri kilichotokea. Hakuna mlango uliovunjwa. Hakuna paswadi iliyokisiwa. Tokeni haikuwa bandia. Ilitengenezwa na Facebook yenyewe, na seva za Facebook zilipoiona zilifungua bila wasiwasi. Mfumo ulijibu vizuri sana swali la "hii tokeni ni halali?" Ulikosa kujiuliza "huyu anayeishika ni nani, na kwa nini nampa?"

Kutoka rafiki hadi rafiki

Ukishapata kadi ya mama, unaweza kujifanya mama na kurudia mchezo ule ule kwa marafiki zake. Ukipata kadi za marafiki zake, unaenda kwa marafiki wa marafiki. Wadukuzi walianza na akaunti chache walizokuwa wakizidhibiti, wakaandika programu ya kuruka kutoka akaunti moja hadi nyingine, na wakafika kwa watu karibu 400,000. Kwa hao waliona kile ambacho wenyewe wangeona kwenye kurasa zao: posti, orodha ya marafiki, makundi, hata majina ya watu waliozungumza nao karibuni kwenye Messenger. Kisha wakatumia orodha za marafiki za sehemu ya watu hao kukusanya tokeni za watu karibu milioni 30.

Kasi hiyo ndiyo iliyowafichua. Tarehe 14 Septemba 2018 shughuli kwenye sehemu ile zilianza kupanda kwa namna isiyo ya kawaida. Tarehe 25 wahandisi wakathibitisha kwamba lilikuwa shambulio. Siku mbili baadaye tundu likazibwa, na tarehe 28 dunia ikaambiwa.

Huenda unaikumbuka siku hiyo bila kujua. Facebook ilizima tokeni za watu milioni 90 kwa mkupuo: milioni 50 iliodhani wamedukuliwa, na milioni 40 zaidi ambao ukurasa wao ulikuwa umetazamwa kupitia sehemu ile katika mwaka uliotangulia. Watu waliamka wakajikuta nje ya akaunti zao. Hawakuambiwa wabadilishe paswadi, kwa sababu paswadi hazikuwa zimeibwa. Walihitaji kadi mpya tu.

Wiki mbili baadaye hesabu ilisahihishwa: tokeni zilizoibwa ni karibu milioni 30. Kwa watu milioni 15 wezi walichukua jina pamoja na nambari ya simu au imeili. Kwa milioni 14 wengine walichukua hayo na mengine kibao: jinsia, dini, mji wa nyumbani, tarehe ya kuzaliwa, kazi, shule, maeneo 10 ya mwisho waliyosemekana kuwapo, na mambo 15 ya mwisho waliyotafuta. Kwa milioni moja iliyobaki hawakuchukua kitu.

Fikiria orodha hiyo mikononi mwa matapeli. Anakupigia mtu anayejua jina lako, bathidei yako, ulikosomea na mahali ulipokuwa wikendi. Hiyo simu ya "mimi ni wakala, kuna pesa imetumwa kwako kimakosa" inasikika tofauti kabisa.

Bili ilichukua muda kufika. Desemba 2024 tume ya kulinda data ya Ireland, ambako Meta ina makao yake ya Ulaya, iliipiga kampuni hiyo faini ya Euro milioni 251, takriban Sh34 bilioni. Sehemu kubwa ya hoja yake ilikuwa kwamba ulinzi wa data unafaa kujengwa ndani ya mfumo tangu unapochorwa, na kwamba kasoro kama hizi zinaweka watu hatarini.

Si Facebook pekee

Unaweza kusema hiyo ni Facebook, hao tunawajua. Sawa. Twende kwa wale wanaojisifu kwa usalama.

Apple ina kitufe cha kuingia kwenye apu za watu wengine kwa kutumia akaunti yako ya Apple. Ukikibonyeza, Apple inatoa tokeni iliyotiwa sahihi ya kidijitali inayosema "huyu ni mwenye imeili fulani, mwingizeni". Mwaka wa 2020 mtafiti kutoka India, Bhavuk Jain, aligundua kwamba angeweza kuomba tokeni kwa imeili yoyote ile, hata isiyo yake, na Apple ingeitia sahihi. Apu iliyopokea tokeni hiyo, kama haikuwa na ukaguzi wake wa ziada, ingehakiki sahihi, ikute ni ya Apple kweli, na kufungua akaunti ya mtu mwingine.

Jain hakuingia akaunti za watu. Aliripoti. Apple ikachunguza rekodi zake, ikasema haikupata akaunti iliyodukuliwa kwa njia hiyo, ikaziba tundu na kumlipa dola 100,000. Kwa wakati huo hiyo ilikuwa zaidi ya Sh10 milioni, kwa kuuliza swali moja tu: mbona hawahakikishi kama hii imeili ni yangu?

Microsoft nayo ilipata lake 2023. Kundi la wadukuzi ambalo kampuni hiyo ilisema liko China lilipata ufunguo wa kutia sahihi tokeni. Ufunguo huo ulikuwa wa 2016 na kazi yake ilikuwa akaunti za watu binafsi, zile za imeili za bure. Haukupaswa kuwa na uzito wowote kwenye akaunti za serikali na makampuni. Lakini mfumo wa barua pepe haukuhakiki tokeni imetoka upande gani. Waliojenga sehemu ya barua pepe walidhani maktaba ya programu waliyokuwa wakitumia ilikuwa ikifanya ukaguzi wote. Kumbe haikuwa ikifanya. Wadukuzi wakajichapishia kadi, milango ikafunguka, na barua pepe karibu 60,000 za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani zikabebwa. Sanduku la Gina Raimondo, aliyekuwa waziri wa biashara, pia liliingiliwa.

Ukiziweka kesi hizi tatu pamoja utaona zinafanana. Kila mara tokeni ilionekana halali. Kila mara mlinzi aliangalia plastiki akasahau kuangalia mtu. Na mara nyingi kulikuwa na watu wawili, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye anayekagua.

Kwako unayeishi kwa akaunti

Hapa kuna ukweli usiopendeza. Kesi kama ya Facebook ikitokea tena, hakuna ambacho wewe kama mtumiaji ungefanya kuizuia. Paswadi kali haisaidii. Hata ile nambari ya kuthibitisha inayotumwa kwa simu haisaidii, kwa sababu nayo hukaguliwa mlangoni, na mwizi wa tokeni hakupitia mlangoni. Kwa hivyo mtu akidukuliwa, tuache ile tabia ya kumcheka ati alikuwa na paswadi ya kitoto. Huenda alifanya kila kitu sawa.

Lakini kuna njia nyingine za kupoteza tokeni ambazo ziko mikononi mwako.

Machi 2023 chaneli ya YouTube ya Linus Tech Tips, yenye wafuasi zaidi ya milioni 15, ilitekwa na kuanza kurusha matangazo ya utapeli wa sarafu za kidijitali. Hawa ni watu ambao kazi yao ni kompyuta. Mfanyakazi mmoja alifungua faili iliyoonekana kama ofa ya udhamini. Ndani yake mlikuwa na programu hasidi iliyonakili tokeni zote kutoka kwa brauza na kuzituma nje. Hakuna paswadi iliyohitajika tena. Ukiwa unatengeneza video na unaomba udhamini kila siku, jua kwamba faili ya "mkataba" kutoka kwa kampuni usiyoijua ni chambo kinachokulenga wewe hasa.

Ujanja mwingine ni wa zamani lakini bado unakula watu. Mtu anakuambia kuna msimbo ukiubandika kwenye brauza utaweza kuingia akaunti ya mpenzi wako usome meseji. Unaubandika. Msimbo unachukua tokeni yako mwenyewe na kumpelekea. Ulitaka kuchungulia, ukachunguliwa.

Basi fanya haya, hayachukui dakika kumi. Ingia mipangilio ya Google, Facebook na Instagram, tafuta orodha ya vifaa ambavyo akaunti yako iko wazi. WhatsApp pia ina orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Ukiona kompyuta ya saiba uliyoprintia CV mwaka juzi, au simu uliyouza Luthuli, itoe. Kila kifaa kwenye orodha hiyo ni kadi iliyo nje, na hujui iko kwenye mfuko wa nani.

Kisha angalia apu na michezo uliyoiruhusu kuingia kupitia akaunti yako. Ile ya "wewe ni mhusika gani wa sinema" uliyocheza 2021 huenda bado ina ruhusa. Iondoe.

Na ukihisi umedukuliwa, usibadilishe paswadi peke yake ukalala. Si kila huduma huzima tokeni zilizoko nje ukibadilisha paswadi. Bonyeza pia kile kitufe cha kuondoka kwenye vifaa vyote.

Kwako unayeandika msimbo

Tuseme marafiki zako wamekuomba uwatengenezee apu ya chama. Michango, mikopo, salio la kila mwanachama. Mwanachama nambari 47 anaingia, anapewa tokeni, na apu inaomba salio kwa anwani inayoishia na 47. Sasa jamaa mmoja mwenye udadisi anabadilisha 47 kuwa 48. Kama seva yako inauliza tu "una tokeni halali?" itajibu ndiyo, na kumpa salio la mwenzake. Akibadilisha neno "mwanachama" kuwa "mwekahazina" kwenye ombi lake, na seva yako ikamwamini, amejipandisha cheo na sasa anaidhinisha mikopo.

Huhitaji kuwa Facebook ili kufanya kosa la Facebook. Chama cha watu 30 kinatosha, na pesa zikipotea kwenye chama, urafiki unaenda nazo.

Kwa hivyo seva iulize maswali mawili kila mara, kwa kila ombi: tokeni hii ni ya nani, na mwenyewe anaruhusiwa kufanya jambo hili kwa kitu hiki? Usimwamini mteja akikuambia cheo chake. Kitafute mwenyewe kwenye hifadhidata.

Tokeni ipewe nguvu inayotosha kazi yake tu. Ya kupakia picha ipakie picha, basi. Iwe na muda mfupi wa kuishi, na uwe na njia ya kuizima kabla ya wakati. Mambo mazito kama kubadilisha nambari ya simu, kutoa pesa au kumwondoa mwanachama yadai paswadi upya hata kama tokeni iko sawa. Linus Sebastian, mwenye ile chaneli, alilalamika jambo hili hili kuhusu YouTube: kwamba jina la chaneli liliweza kubadilishwa bila mtu kuulizwa paswadi tena.

Ukipokea tokeni yenye sahihi, hakiki sahihi yenyewe, aliyeitoa, na aliyetolewa kwa ajili yake. Mwaka wa 2015 iligunduliwa kwamba maktaba kadhaa maarufu za programu zilikubali tokeni iliyojitangaza yenyewe kuwa haina sahihi kabisa. Ni kama mgeni kumwambia soja "kadi yangu haihitaji kukaguliwa" na soja kumpisha. Na tafadhali, usiiache tokeni kwenye anwani ya ukurasa wala kwenye msimbo unaoupandisha GitHub. Kuna roboti zinazokesha zikizitafuta.

Sheria inasema nini

Usisome haya ukaanza kubadilisha nambari kwenye apu ya benki yako ili uone kitakachotokea. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 inasema anayeingia mfumo bila idhini anaweza kutozwa faini ya hadi Sh5 milioni, kufungwa hadi miaka mitatu, au yote mawili. "Nilikuwa najaribu tu" si idhini. Kampuni nyingi kubwa, Facebook na Apple zikiwemo, zina mpango wa kuwalipa wanaoripoti kasoro, na mpango huo unaeleza unachoruhusiwa kugusa. Soma masharti kwanza, jaribu kwa akaunti zako mwenyewe, kisha ripoti.

Upande wa pili, wenye apu nao hawana ruhusa ya kunyamaza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi data amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kwamba data imefikiwa na mtu asiyeruhusiwa, pale panapokuwa na hatari halisi ya mhusika kudhurika. Wewe mwenye data pia una haki ya kuambiwa. Kwa hivyo ukisikia apu unayotumia imedukuliwa na kimya kimetanda, una pa kulalamika: Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kitufe kile cha Facebook kilizimwa Septemba ile ya 2018. Mei 2019 kilirudishwa kikiwa kimepunguzwa: sasa unaona ukurasa wako jinsi mtu asiyekujua anavyouona, lakini huwezi kutaja jina la mamako, la eksi wala la bosi. Kama hakuna jina la kutaja, hakuna kadi ya mtu ya kukupa kimakosa.